Mkonga au Prado: mapacha wamefika, bimkubwa anahamia, lipi libaki?

Dengu na Choroko (#1)
Mwangaluka wakuu.

Niende moja kwa moja. Nina gari mbili hapa nyumbani Mkolani, Mwanza, na uwezo wa kutunza mbili umeisha. Ya kwanza ni Land Cruiser mkonga, HZJ78, injini 1HZ, nyuma mabenchi mawili yanatazamana. Niliichukua mnadani 2014, kuna mradi ulikuwa unafunga virago. Ya pili Prado ile ya 95, injini 1KZ, otomatiki, ya mwaka 1998.

Zamani sikuwa na swali. Nilikuwa nanunua dengu na choroko Kwimba na Magu, mkonga unaingia mpaka uani kwa mkulima unatoka na magunia, Prado ni ya Jumapili. Sa hivi nina duka Buzuruga, vijijini naenda labda mara mbili kwa mwezi. Mwezi wa tatu tukapata Kulwa na Doto, wana dada yao darasa la pili. Alafu bimkubwa akaanguka bafuni kule Kwimba akavunjika nyonga, katibiwa, anatembea na kile kichuma cha miguu minne, na ndugu tumekubaliana anahamia kwangu maana kliniki yake ni hospitali ya Bugando.

Kwa hesabu ya haraka jibu ni Prado. Shida Prado imeanza kuchemsha. Nikipandisha mlima wa Bugando mshale unakaa katikati kama kawaida alafu ghafla nakuta umefika kwenye H, nazima, nasubiri, watu wananiangalia. Na mkonga nao umenivunja moyo masika haya, ulinasa mbugani, kwenye ule udongo mweusi, nje ya Ngudu nikatolewa na jozi mbili za ng'ombe, elfu arobaini, huku Escudo ya mwalimu wa pale inapita pembeni inanipigia honi. Mkonga! Mpaka leo sielewi.

Mama watoto anasema uza zote nunua Noah. Mawazo yenu, matusi sio lazima.

Sangara Mbichi (#2)
Uzi wa gari bila picha ya gari. Weka picha, na ya ng'ombe pia.

Tdi Mpaka Kufa (#3)
Hongera kwa mapacha mkuu na pole kwa mama. Jibu langu fupi, uza zote mbili tafuta Landrover 110 yenye injini ya 300Tdi. Bodi aluminiamu haioti kutu, injini fundi yeyote wa Igoma anaifungua chini ya mwembe, na mbuga za kwenu Kwimba Landrover ilizijua kabla hujazaliwa. Bahati mbaya wameacha kuzitengeneza 2010, ukiipata shika.

Jiwe la Bismarck (#4)
#3 rekebisha hapo, ile Defender ya zamani imeacha kutengenezwa Januari 2016, sio 2010. Na mtu anakuuliza mama mwenye nyonga mbovu we unampa Landrover 110? Bora umpeleke kliniki na trekta.

Tdi Mpaka Kufa (#5)
Sawa 2016, nimekubali. Ila trekta umevuka mipaka.

Fundi Difu (#6)
Swali moja kwa mleta uzi kabla hatujaenda mbali. Siku unanasa pale Ngudu, ulishuka kufunga habu?

Dengu na Choroko (#7)
Habu zipi tena? Niliweka 4WD kwa ile lever ndogo kama siku zote, taa ikawaka.

Fundi Difu (#8)
Aisee.

Sangara Mbichi (#9)
Hahahaha nasogeza kiti.

Fundi Difu (#10)
Mkuu usikasirike. Hizo mkonga nyingi 4WD sio ya kudumu, na pale katikati ya tairi za mbele kuna kitu kama kifuniko cha sufuria chenye mshale, kinazungushwa kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK. Kikiwa FREE unaweza kuvuta lever mpaka ing'oke, ekseli ya mbele inazunguka ndani lakini tairi hazipati nguvu, unaendesha gari ya tairi mbili yenye uzito wa tani mbili na zaidi. Escudo ya mwalimu ni nyepesi na huenda tairi zote nne zilikuwa zinafanya kazi, lazima ikupigie honi. Nenda kaangalie alafu urudi. Kuna mkonga nyingine zina habu za kujifunga zenyewe, sijasema yako ni ipi.

Mnyantuzu wa Lamadi (#11)
Fundi hapo #10 umeongea vizuri ila sio lazima iwe habu. Mimi na tope la mbuga ni ndugu. Ule udongo mweusi ukilowa unajaza mashono ya tairi, ukizunguka mara mbili tairi linakuwa limevaa soksi, hata ufunge habu, ufunge na mlango. Inategemea tairi. Kama jamaa ana zile za lami zenye mashono ya karibu karibu basi ng'ombe ndo dawa, na elfu arobaini kwa jozi mbili amepewa bei ya ndugu. Huku kwetu wakiona mkonga wanapandisha, wanajua una hela.

Mama Minza (#12)
Habari zenu. Mimi sijui habu wala difu, nafanya kazi wodi wanayoletwa majeruhi na nitasema kitu kimoja. Yale mabenchi ya nyuma yanayotazamana usimweke mtoto. Kiti cha mtoto kinatakiwa kufungwa kwenye siti inayotazama mbele yenye mkanda wake, benchi la pembeni halina pa kukifunga kikatulia, gari likigonga au likipinduka mtoto anarushwa upande mzima. Na usije ukasema mama yao atawapakata, mtoto wa kilo saba kwa breki ya ghafla hakuna mikono inayomshika. Mapacha ni viti viwili, dada yao mkanda wake, tayari siti ya nyuma ya Prado imejaa. Bibi atakaa mbele. Kwa hiyo kaka hesabu watu kwanza alafu ndo uhesabu injini.

Dengu na Choroko (#13)
Dada yangu Mama Minza wabeja sana, hili sikuwa nimelifikiria hivyo. Mabenchi nilikuwa nayaona kama nafasi ya ziada. Bimkubwa mwenyewe nilishajaribu kumpandisha mkonga siti ya mbele, nikaweka kigoda, nikamshika kiuno, akakanyaga kigoda akasimama akaniangalia akasema "mimi sio gunia la dengu". Akashuka. Tulienda na bajaji.

Sangara Mbichi (#14)
Mama kashamaliza uzi. Admini funga.

Capri Pointi (#15)
Mi niko na shemeji, Noah. Mlango wa kusukuma pembeni, sakafu chini, mama anaingia mwenyewe na kichuma chake, mapacha safu ya kati, na zipo Noah za 4WD. Wanaume wa Kanda ya Ziwa mnapenda kuteseka, mtu yuko lami Mkolani mpaka Buzuruga ila lazima awe na mkonga utafikiri anaenda kupambana na simba Ndabaka.

Jiwe la Bismarck (#16)
Noah ya 4WD ilitengenezwa kwa ajili ya theluji ya Japani, haina gia ile ya kutambaa na tumbo liko chini. Kwimba mwezi wa nne utaiacha hapo mpaka wa sita. Ila kwa mjini nakubali, tena kwa mama mgonjwa hakuna kama Noah.

Mleta uzi mimi wasiwasi wangu uko kwenye kuuza mkonga. Ukiuza hupati tena. Gari ikizidi miaka kumi kuna ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa kawaida, kwa hiyo ukija kutamani kuagiza nyingine kama hiyo utalia bandarini. Mkonga zilizoko nchini zinazunguka mikononi tu, mnada, mission, hoteli za hifadhini, na bei haishuki. Prado 95 ziko kibao.

Kijana wa Busisi (#17)
Alafu mnasahau kitu, zamani mtu alikuwa anataka gari yenye tenki kubwa na ya kulala maana ukienda Sengerema au Geita foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa inakula nusu siku. Sa hivi daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita tano unavuka dakika chache. Gari ndogo inatosha.

Mzee wa Kirumba (#18)
Kijana, kilomita tano umezitoa wapi? Daraja ni kilomita tatu. Nimelivuka kwa miguu siku za mwanzo na magoti yangu yanajua idadi. Na mleta mada hajasema anaenda Sengerema, kasema Kwimba, Kwimba haina daraja la kuvuka tope.

Kijana wa Busisi (#19)
Shikamoo mzee. Tatu basi.

Mzee wa Kirumba (#20)
Marahaba. Na vivuko bado vina watu wake, mimi ukweni ni Ukerewe, napita Bunda, navuka Kisorya kwenda Rugezi. Gari yangu ni Escudo ya zamani ile yenye chasisi na gia ya kutambaa, kwa hiyo mwalimu wa Ngudu namwelewa vizuri sana kwa nini alipiga honi.

Nyakato Dizeli (#21)
Turudi kwenye Prado jamani, mnaimaliza mkonga wakati mgonjwa ni Prado. 1KZ ikianza kuchemsha mlimani usidanganyike, hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepasuka. Ile injini ya 2.8 hedi yake ni aluminiamu na bloki ya chuma, ikipata joto mara moja inapasuka kati ya valvu. Fundi atakubadilishia gasket, wiki mbili umerudi. Andaa hela ya hedi mpya au uza kabla mnunuzi hajajua.

Fundi Difu (#22)
1KZ ni 2982, yani lita tatu, ya 2.8 ni 3L. Na kumuuzia mtu gari ukijua inachemsha ni dhambi, tunakaa mji mmoja tutakutana.

Kwenye hedi uko nusu. Ni kweli ikichemshwa hedi inaweza kupasuka, ila kupasuka mara nyingi ndo matokeo, sio chanzo. Mimi ninazofungua hapa, kitu cha kwanza nakuta hazina themostati, kile kivalvu kinachofungua na kufunga njia ya maji kufuata joto la injini. Gari ilichemsha zamani, fundi akaitoa akasema "Afrika joto haihitajiki", maji yakawa yanakimbia tu kwenye rejeta hayakai kupoa vizuri.

Nyakato Dizeli (#23)
Hiyo ya maji kukimbia hayapoi ni hadithi ya gereji mkuu. Bila themostati injini inakaa baridi mno, inakula wese na inachakaa, ila kuchemsha mlimani sidhani kama ni sababu yenyewe tu. Mimi bado hedi.

Mnyantuzu wa Lamadi (#24)
Feni. Ile feni ya mbele ina kile kidude cha mafuta ya silikoni katikati, mafuta yakiisha feni inazunguka kivivu. Kwenye tambarare upepo wa mwendo unasaidia, ukipandisha Bugando kwa gia ya pili upepo hakuna, feni imelala, unachemsha. Zima gari ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono, ikizunguka kama pangaboi ujue imekufa.

Capri Pointi (#25)
Mi naona ni maji. Unaweka maji gani mleta uzi?

Dengu na Choroko (#26)
Ya bomba. Ila utingo wangu zamani alikuwa anachota popote, ziwani, kisimani, lambo la ng'ombe, alikuwa hachagui.

Capri Pointi (#27)
Lambo la ng'ombe!! Hapo unatafuta nini tena.

Mzee wa Kirumba (#28)
Maji ya ziwa yenyewe sio mabaya kama watu wanavyosema, hayana chumvi nyingi, visima vya huko Kwimba na Shinyanga ndo vinaacha magadi kwenye birika mpaka unalikwangua kwa kisu. Shida ya ziwa ni mwani na matope. Lakini yote hayo hayafai, hedi ya aluminiamu na bloki ya chuma vikikaa kwenye maji matupu vinaliwa pole pole, ndo maana unatakiwa kuweka kulenti, ile dawa ya rejeta, mwaka mzima hata kama Mwanza hakuna barafu.

Fundi Difu (#29)
Kipimo rahisi kabla hamjamuuza mtu hedi. Asubuhi gari ya baridi kabisa, narudia YA BARIDI, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka shingoni, washa, mwache mtu akanyage mafuta kidogo. Mapovu madogo yakitoka mfululizo kama soda, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, hedi au gasket hiyo. Yakitoka mawili matatu yakaacha, hewa tu. Na usiuamini ule mshale wa joto, umetengenezwa kutulia katikati, ukianza kupanda umeshachelewa.

Ng'wana Kisesa (#30)
Nimesoma post zote na hakuna aliyeuliza mkanda wa taimingi wa injini. Gari zote mbili zina mkanda, sio cheni. Mkonga wangu taa ya T-BELT iliwaka nikaidharau miezi minne kwa sababu gari inaenda vizuri tu. Ikakatika Usagara nikiwa na maiti nyuma, yani msiba, tunampeleka mzee wa watu kuzikwa Misungwi. Injini za hivi mkanda ukikatika pistoni zinakutana na valvu. Tulimhamishia mzee kwenye fuso la mchanga. Wazee hawajanisamehe. Kilomita laki moja badilisha, usisubiri taa.

Jiwe la Bismarck (#31)
Pole sana. Kitabu cha ya kwangu kinasema 150,000, nadhani inategemea gari iliuzwa soko gani. Na ile taa inawaka kwa kuhesabu kilomita tu haijui kama mkanda ni mpya, fundi akibadilisha asipoirudisha nyuma ya dashibodi itakudanganya.

Ng'wana Kisesa (#32)
150 za barabara za Australia. Za Kwimba hesabu 100.

Tdi Mpaka Kufa (#33)
300Tdi nayo ina mkanda kabla hamjaniuliza. Na inavuja oili, najua, ndo tunajua ina oili.

Dengu na Choroko (#34)
Wakuu nimerudi.

Nimetoka nje na tochi usiku huu huu, mama watoto ananiuliza unatafuta nini kwenye tairi saa nne. Nimepangusa tope la Ngudu, bado lilikuwa limekauka pale. Kulia FREE. Kushoto FREE. Ya kushoto kuizungusha nimetumia spana na kitambaa.

Nikampigia simu yule utingo wangu wa zamani, sa hivi ana bodaboda Magu. Namuuliza, wewe miaka ile tukifika matopeni ulikuwa unashuka kufanya nini? Nilidhani anashuka kukojoa. Amecheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena akasema "bosi, mimi nilikuwa nafunga habu, tukifika lami nafungua, nilidhani unajua".

Miaka saba. Nimezunguka Kwimba nzima nikijisifia gari.

Sangara Mbichi (#35)
HAPANA hahahaha "nilidhani anashuka kukojoa". Nimeamsha nyumba nzima.

Mnyantuzu wa Lamadi (#36)
Huyo utingo mrudishe kazini, uza gari zote baki naye.

Fundi Difu (#37)
Heshima kwako mkuu, wengi wasingerudi kusema. Hiyo ya kushoto ilete nikufungulie niitie grisi, ikiganda moja tu hujafanya kitu.

Mama Minza (#38)
Kaka tumecheka sana ila bibi na watoto bado hujasema.

Dengu na Choroko (#39)
Nakuja dada. Leo ni wiki ya tatu tangu nifungue uzi, nimefanya haya.

Prado nilifanya kipimo cha Fundi Difu. Mapovu yalitoka, yakaacha, yakatoka tena, sasa hapo sijui ni soda au ni hewa. Fundi wa kwanza kasema hedi bila hata kuigusa. Wa pili kafungua rejeta, zile njia za chini zimetoa kitu kama uji wa ulezi, nimeona kwa macho. Themostati haikuwepo, kweli kabisa, kimebaki kifuniko chake tu. Feni nimeizungusha ikiwa ya moto, inakaza kidogo, sio sana. Kwa hiyo kila mtu humu amepata maksi. Nimebadilisha rejeta na themostati, nimeweka kulenti, nimepandisha Bugando mara mbili haijachemsha, ila zote mbili ilikuwa asubuhi na kamvua.

Nyakato Dizeli (#40)
Subiri saa nane mchana, gari imejaa, kiyoyozi kimewashwa. Hedi hiyo.

Mnyantuzu wa Lamadi (#41)
"Inakaza kidogo" ndo feni yenyewe inakufa hiyo.

Dengu na Choroko (#42)
Mnanitia presha. Bimkubwa anaingia Prado vizuri, anageuka anakaa kwanza matako alafu anavuta miguu, Mama Minza ndo alinielekeza inboksi. Viti vya mapacha viwili vimeingia nyuma, binti yuko katikati analalamika kabanwa. Bado mama watoto hana pa kukaa tukiwa wote. Juzi tumeenda kanisani kwa awamu mbili.

Capri Pointi (#43)
Noah.

Jiwe la Bismarck (#44)
Prado 95 yako si ya milango mitano? Nyingi zina viti vya nyuma kabisa vya kukunja pembeni. Vifungue.

Dengu na Choroko (#45)
Vipo, kimoja kinakatalia kwenye bawaba na ndo panapokaa kile kichuma cha bimkubwa. Kikiingia kichuma mtu hakai.

Capri Pointi (#46)
Noah nimesema.

Kijana wa Busisi (#47)
Mi bado najua mkonga hauzwi. Weka siti za kutazama mbele nyuma, mafundi wa magari ya watalii wanaweka, na mikanda yake.

Mama Minza (#48)
Siti hizo ziwe zimefungwa kwenye chasisi sawasawa, sio boliti mbili kwenye bati la sakafu. Na bibi bado hapandi.

Mzee wa Kirumba (#49)
Bibi mwenyewe ameulizwa?

Dengu na Choroko (#50)
Nimemuuliza jana mzee wangu. Kasema Prado ni nzuri, ila siku ya kurudi Kwimba kuangalia mji wake na mihogo yake hataki kupelekwa na gari ya kuchemka chemka, apelekwe na ile ndefu. Nikamwambia mama si ulikataa kuipanda? Akasema alikataa kigoda, hakukataa gari. Sasa fundi wa mageti hapa Mkolani ananichomea ngazi ya vipandio viwili ya kuning'iniza mlangoni.

Sangara Mbichi (#51)
Kwa hiyo unauza ipi? Kuna shemeji yangu anaulizia mkonga, ana hela taslimu.

Dengu na Choroko (#52)
Mwambie asubiri kidogo. Haipo hapa, imeenda Kwimba na mdogo wangu kufuata mihogo ya bimkubwa, mvua imenyesha tangu jana. Habu nimefunga mwenyewe kabla hajatoka getini.

Fundi Difu (#53)
Kabla ya GETI?? Mkuu lami yote hiyo mpaka Kwimba ana habu zimefungwa?

Dengu na Choroko (#54)
Si lever iko kwenye mbili, au? Hebu nimpigie.